Kamba ya Sikukuu

Ni mwaka mmoja leo, Mama, tangu uanguke kazini kando ya meza ya pasi na usiinuke tena. Tangu siku hiyo nyumba hii ina hofu. Mmoja wetu akichelewa dakika tano, wote tunasimama mlangoni.

Na sasa sikukuu imefika, bila kukungoja.

Tunakukumbuka ukirudi kutoka chumba cha kufulia cha hoteli, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, umechoka hoi. Lakini Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu uchovu uliuweka kando. Uliifungua kamba ya nguo uani, ile yenye mafundo matano. Fundo la mbele lako, la pili la Dada Mkubwa, mawili ya pacha, na mkiani Kitinda wako. Hivyo ndivyo tulivyokwenda madukani. Kila kona uliuliza bila kugeuka, "Mmeshika?" Nasi tukajibu mmoja mmoja, "Nimeshika."

Watu walicheka. Walisema mama yule anaswaga mbuzi wake, nawe ukawajibu, "Mbuzi wangu hawapotei." Dada Mkubwa kwa haya alilificha fundo lake kwenye mkunjo wa gauni. Wauza nguo nao walikukoma, maana ulilowesha kidole kwa mate ukasugua kitambaa. "Hii itachuja," ulisema, na wateja wengine wakaiweka chini. Mmoja alikuwa akituona tu, anafunika meza.

Mwaka huu Dada Mkubwa alisema atawapeleka wadogo zake yeye mwenyewe. Kamba aliiacha uani. Eti watu watatucheka. Tulimjua: aliogopa kushika fundo lako. Alilitazama, akafuta viganja kwenye gauni, akatoka.

Kwenye uchochoro wa maduka ya viatu aligeuka, akawaona pacha peke yao, Kitinda hayupo. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Aliinama kutazama chini ya meza za watu, akashika mabega ya watoto wa watu na kuwageuza, siye, siye. Pacha wakaanza kulia. Aliwaza atamwambia nini Baba, na wewe atakuambia nini.

Walimkuta mlangoni mwa duka la tatu, pale pale walipopita mwanzo. Kitinda alikuwa amesimama wima, machozi yanamtiririka, ngumi moja ameinyoosha mbele na kuikaza. Ndani ya ngumi hamkuwa na kitu. Dada yake alipomfikia, alisema tu, "Nimeshika."

Walirudi bila kununua viatu. Dada Mkubwa aliapa hakanyagi tena kule. Baba aliiacha redio aliyokuwa akiitengeneza, akakaa kando yake. Aliyesema ni Mama Mdogo, mdogo wako.

"Kwani mnadhani dada yangu alikuwa jasiri? Tangu utoto alikuwa mwoga wa umati. Kamba ile hakuwashikia ninyi tu, alijishikia na yeye. Asiposikia 'nimeshika' hakuweza kupiga hatua."

Hatukujua, Mama. Tulikuwa nyuma yako, tukiuona mgongo tu.

Kesho yake Dada Mkubwa aliifungua kamba. Fundo lako lilikuwa limelainika na kuwa jeusi kwa kiganja chako. Alilishika, wakatoka, na watu wakacheka kama kawaida yao. Kwenye uchochoro ule ule miguu ilimgoma kabisa. Watu walimpita kushoto na kulia. Alitaka kugeuka ahesabu vichwa, lakini wewe hukuwa ukigeuka. Akauliza, kwa sauti nyembamba isiyofanana hata kidogo na yako, "Mmeshika?"

Pacha wa kwanza akajibu. Pacha wa pili akajibu. Kukawa kimya kidogo, na kimya hicho kilikuwa kirefu kwake kuliko mwaka mzima. Kisha mkiani, kwa ukali wa miaka sita: "Nimeshika! Twende basi."

Akapiga hatua.

Unakumbukwa na mumeo fundi wa redio, mdogo wako, binti yako mkubwa, ambaye sasa yuko mbele, pacha wako, na Kitinda. Hatukudanganyi, bado tunaogopa. Ila ukituuliza huko uliko, jibu letu ni lile lile, leo na siku zote.

Tumeshika, Mama.