Ndege Isiyobeba Kitu

Jumamosi

Leo tena sikugundisha hata ubavu mmoja wa bawa la ndege yangu, kwa sababu nimepata heshima ya kutembelewa na mwenyekiti wa mtaa.

Mpangaji mwenzangu kamwambia kwamba fundi cherehani wa chumba cha juu anaunda ndege ya kupeleleza watu. Mwenyekiti akakuta ramani nimeitandaza kitandani na bawa limelala juu ya cherehani.

"Hii inabeba nini?"

Nikamwambia haibebi kitu. Naiongoza kwa rimoti, mota inaipandisha, halafu naizima inaelea yenyewe kwa upepo.

"Kamera?"

"Haina, mzee."

"Sasa faida yake nini?"

Miezi saba nakata vibao kwa wembe, na hata mke wangu hajawahi kuniuliza hivyo. Labda ananionea huruma.

Mwenyekiti akaishika, akaigeuza, nikaona imemwingia moyoni. Akasema kibali cha kuirusha atanipa, ila chini ya mabawa niandike jina lake, na siku ya mkutano wake pale Mnazi Mmoja niirushe juu ya watu. Nilikubali haraka. Niliogopa ataondoka nayo.

Muhuri alikuja nao mfukoni, akaandika na kugonga papo hapo. Alipoondoka ndipo nikasoma kibali: naruhusiwa kurusha tiara, ile ya karatasi na uzi.

Hilo nalo si tatizo. Tatizo ni kwamba sijui kama itaruka, na tayari ina mgeni rasmi.