Kawa Lisiporudi

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Nakusalimu kwa mapenzi. Babu yako hajambo, kifua kimetulia, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Uliniuliza kwa nini kompyuta ikituma ujumbe husubiri kuambiwa umefika, na isipoambiwa huutuma tena. Hilo mimi nililijua kwa aibu.

Miaka ile ya uhuru nilikuwa msichana wa shule, mwoga hata wa kuitika. Mama alilazwa hospitali ya Msambweni, na daktari alitaka idhini ya Baba, aliyekuwa kijijini Majoreni, kabla ya kumpasua. Nikaigeuza karatasi ya daktari ya Kiingereza kwa Kiswahili, nikampa mchuuzi wa samaki mwenye baiskeli ampelekee.

"Umempa na kawa?" Shangazi akauliza. Kwetu barua ya haraka ilikwenda na kawa la kufunikia chakula; likirudi, twajua imefika.

"Niliona aibu kumwomba alirudishe."

"Mamako yu kitandani, nawe waona aibu? Andika nyingine!"

Niliandika, na safari hii nikaipeleka na kawa. Kesho yake Baba akaingia, kawa kwapani, barua mbili mkononi. "Ya kwanza niliipata jana. Hii nyingine nimekutana nayo njiani. Kwani mwaniona kiziwi?"

"Bora uzipate mbili," Shangazi akamjibu, "kuliko tukae hatujui."

Mama alipona, alhamdulillahi.

Maneno haya haya nilikuandikia mwezi uliopita, nawe hukujibu. Pengine uliyapata, pengine unaumwa huko. Niandikie "Nimepata" tu, mama, moyo wangu ukae.

Bibi yako