Kaka Ouma, Jumatatu Nitapanda Kabla Yako

Kaka Ouma,

Mvua imenyesha siku tatu mfululizo hapa Magunga na udongo umelainika. Nakuandikia jambo moja tu: usipofika nyumbani kufikia Jumapili, Jumatatu asubuhi nitapanda mahindi. Wewe ndiwe kifungua mimba, na tangu tumzike Baba jembe la kwanza ni lako. Unajua watu wetu husema nini mdogo akitangulia kupanda. Husema mkubwa hayupo tena.

Bahasha siifungi. Mama mmoja mchuuzi anayepeleka dagaa wa omena soko la Rongo, kule ulikoonekana, ndiye ataibeba. Atakayeisoma njiani na aisome, aibu yetu imeshajulikana.

Unakumbuka tulivyocheza ajua? Ulichimba vishimo nyuma ya ghala, tukachezea kokoto mpaka vidole vikawa vyekundu kwa udongo. Ulikuwa unaniibia kokoto mchana kweupe, kisha unacheka na kunirudishia. Mama, Mungu amlaze pema, akiita mara moja tu, uliacha mchezo katikati hata kama unashinda. Mimi ndiye niliyekuwa nalia tuendelee.

Ndiyo maana mwaka jana sikukuelewa. Wageni wa matanga ya Baba walipoondoka, uliingia simba yako, kile kibanda chako cha ujana, na simu, nami nikadhani ni siku mbili tatu. Ukawa hutoki ila kwenda choo na kutafuta chaji. Wenzako wa ile gemu ya vita uliwajua kwa majina yao ya kujibandika. Uliniambia mmoja wao, mtu wa Mombasa, mama yake anaumwa, na machozi yakakulengalenga. Juma hilohilo dada yetu Akinyi alilazwa kwa malaria siku nne. Aliporudi ukamuuliza, "Kwani ulikuwa umeenda wapi?" Hilo sijakusamehe.

Mvua ilipokuja nilisimama mlangoni kwako na mbegu kwenye karai.

"Omera, ndugu yangu, toka basi. Chimba mashimo matatu tu, halafu urudi."

"Ngoja nimalize hii mechi. Nikitoka saa hii nitaangusha timu."

Mechi hiyo ilichukua wiki tatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa, lakini wahenga hawakusema tufanyeje mkuu mwenyewe akiwa na waya masikioni. Mahindi ya jirani yalifika magotini, yetu yakiwa bado guniani.

Halafu asubuhi moja ukatoka. Ulikuwa umekonda, suruali umeifunga kwa kamba. Ulishika jembe, ukasimama ukingoni mwa shamba, hukuinama.

"Nikichimba hapa, basi Baba amekufa kweli," ulisema. "Kwa gemu nikikufa, naamka tena."

Ukaketi chini, ukatoa simu.

Nami nilifanya nini? Nilicheka. Nilikuita mtoto wa nasari, nikakunyang'anya simu na kuitumbukiza chooni, nikiamini nimekutibu. Kabla jua halijazama ulikuwa umeondoka na shati moja. Mashimo yale alikuja kuyachimba baba mdogo kwa niaba yako, tukapanda tumechelewa, tukavuna magunzi. Mwaka huu amekataa. Anasema hilo hufanywa mara moja tu, kwa mtu anayetarajiwa kurudi.

Ndiyo sababu nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani. Sina nambari ya kukupigia, na aliyeitupa simu yako ni mimi.

Nina hasira nawe, Ouma. Baba alikuwa wangu pia. Mimi pia nilitaka kujifungia mahali, lakini ng'ombe walitaka kukamuliwa na Akinyi alitaka sare ya shule. Hakuna aliyeniuliza mimi ninalala vipi. Wewe ulipata mlango wa kufunga, mimi nikabaki nje na boma zima.

Na hasira nyingine ni yangu mwenyewe. Nilibisha mlangoni kwako mara nyingi, na kila mara nilikuja kuulizia mahindi. Sikuja hata siku moja kukuuliza kama umekula. Pengine ungenijibu. Pengine ungeniambia ningoje mechi iishe. Sasa sitajua.

Juzi nilimkuta Akinyi akiongeza maji kwenye uji ili utoshe wawili. Ananiuliza, "Tukipanda bila yeye, siku akirudi atakuwa nani hapa?" Chira, laana ya anayevunja mila, naiogopa, nimelelewa nayo kama wewe, lakini mtoto huyu hawezi kula mila.

Ukija, jembe nimelitia mpini mpya, na safari hii sitacheka. Utachimba ukilia, sisi tutangoja. Usipokuja, kaa salama huko uliko, na ukimpata mtu wa kukuuliza umelalaje, mjibu ukweli.

Mdogo wako,
ambaye Jumatatu atakuwa mkubwa.