Ukuta wa Kijivu, Juu ya Kitanda cha Konsolata

Mama,

Shikamoo. Usipoitikia si kitu, maana hata ungekuwa hai, leo ungeninyima marahaba yako. Nimebomoa nyumba yako. Nilianza na chumba cha mdogo wangu Konsolata, ukuta wa upande wa kitanda, na jembe lilikuwa lako mwenyewe.

Uliondoka kabla haya hayajafika, kwa hiyo nikueleze. Pale palipokuwa na kiwanda cha kuchenjulia dhahabu, wenyewe walipotuachia matanki yenye kutu na lile lundo la marudio, udongo uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, sasa inatakiwa zahanati. Kabla ya kuchimba msingi, alikuja mtaalamu wa kupima udongo, mama mmoja mfupi mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Akatafuta vibarua wa kuchimba mashimo na kujaza udongo kwenye mifuko, kila mfuko na jina la shimo lake. Nikapata kibarua. Tulivaa glavu na barakoa, Mama! Kwa udongo uleule uliokuwa ukiukanyaga kwa miguu mitupu huku ukiimba nyimbo za kwaya.

Ndiyo, udongo wako. Tulipohama Mugoma kuja huku Nyantakara, uliwakuta wanawake wanasiriba kuta kwa samadi, ukawacheka. "Nyumba inanuka zizi!" Wewe ndiye uliyegundua kwamba marudio ni laini kama unga na hayapasuki yakikauka. Krismasi ikikaribia tulikuwa tunayabeba kwa mabeseni, na mwaka uliofuata kijiji kizima kikakuiga. Ukimaliza ulikuwa unagandamiza kiganja ukutani, pale juu ya kitanda, unasema, "Hapo nimetia sahihi." Hata kaburi lako wanawake walilisiriba kwa udongo huo. Walisema unastahili kulala mahali pazuri.

Sasa sikiliza. Mkutanoni yule mtaalamu aliuliza kama kuna aliyewahi kuchukua udongo kule na kuupeleka nyumbani. Watu wazima wamekaa, kuta zao za kijivu zinaonekana palepale nyuma ya migongo yao, wanaangalia vidole vya miguu! Mwenyekiti akajibu hapana, hakuna. Walijua wakisema ndiyo, ujenzi wa zahanati utasimamishwa na nyumba zao zitaguswa. Na mimi mwanao, ambaye hukunilea niwe mwongo, nilikaa kimya pamoja nao.

Siku ileile, mchana, mvua ikanyesha. Nikarudi nyumbani nikamkuta Konsolata amekaa kitandani, anamega ukuta na kula. Ana mimba tena, Mama. Mimba ya pili. Ukuta ukilowa unanukia, na wewe unajua mwenye mimba anavyohangaika na harufu hiyo. Wakati wa mimba ya Joshua nilipomkataza, ulicheka ukaniambia, "Mwache, mtoto anataka udongo wa kwao." Ukammegea wewe mwenyewe, ukampa mkononi kama unayempa andazi.

Joshua ana miaka mitatu. Hajasimama. Shingo bado inamlegea, na anamwita kila mtu kwa sauti moja tu.

Nilimega kipande palepale alipokuwa anamega, nikakitia kwenye mfuko, nikaandika "shimo la mwisho", nikauchanganya na mifuko mingine. Majibu yaliporudi, mtaalamu alinijia mimi kwanza. Udongo wa shimo la mwisho ulikuwa mchafu, una zebaki, ile sumu ya kukamatia dhahabu, na kwenye ramani yake shimo hilo halikuwepo. Nikamwongoza hadi chumbani. Alitazama alama ya kiganja chako, kisha akauliza ni nani analala hapa. Nilipomwuliza kama ndiyo iliyomdhuru Joshua, hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alisema tuhame, na asile tena mtu yeyote.

Basi ujenzi wa zahanati umesimamishwa, na nyumba zote za kijivu zimewekewa alama nyekundu. Wale waliokulilia hadi wakagaagaa sasa wakipita kaburini kwako wanatema mate. "Mama yenu ndiye aliyetufundisha." Wanajua vilevile ni nani aliyepeleka ule mfuko, na kisimani wananipisha kama mwenye ukoma. Nawaambia hukujua. Usiku wa manane au mchana kweupe, nasema hivyohivyo, hukujua. Lakini sikulaumu? Uongo. Nakulaumu, Mama. Nyasi hazikuota pale kwenye lundo hata moja, na wewe mkulima uliyezaliwa na jembe mkononi uliona, ukafurahi kwamba udongo hauna mizizi! Nami nilibeba beseni nyuma yako bila kuuliza, kwa hiyo najilaumu pia.

Tunalala chini ya turubai kwa sasa. Konsolata haongei nami. Nilipokuwa nabomoa alisimama mlangoni akinilaani, mimi nisiye na mtoto, eti nimekuua mara ya pili.

Jana nilimkuta nyuma ya jiko, ameshika kipande cha ule ukuta. Alikiokota kwenye kifusi akakificha kwenye pindo la kanga. Kilikuwa na alama za kidole gumba chako na vidole viwili, vimekaa vizuri kabisa. Kidole kingine alikuwa amekwisha kukila. Nilimkamata taya, nikamtia vidole mdomoni kama mtoto aliyemeza shanga. Aliniuma mpaka damu ikatoka. Akalia, "Ni cha Mama! Ni cha Mama!"

Nikamwambia ndiyo, ni cha Mama. Tema.

Akatema.

Kaburi lako nitalikwangua kesho. Nitalifunika kwa udongo wa kichuguu na samadi, ndiyo, samadi, nawe utanisamehe harufu. Na huyu mtoto anayekuja, nakuahidi, nitamlinda na kila kitu, hata na wewe. Lala, Mama yangu. Nakupenda, ila mkono wako usiunyooshe tena huku.

Mwanao,
Yustina