Kolone ya Kabeya

Jumatano, usiku

Kosa ni yangu. Niliandika programu isome kila kolone, kila safu, ya fishi za bafanyakazi kwa jina yake, hata ile siijui, juu nilikuwa muvivu wa kuziandika moja-moja.

Leo mujane ya Kabeya, jirani yetu, alikuja ku biro kwenye nilitumikaka na bwana yake, kutafuta fishi ya kazi ya marehemu. Nikaichapisha. Chini kabisa ikatoka kolone yenye Kabeya alijiongezeaka mwenyewe: MAUMIVU_KIFUA. «Asubuhi tena. Nimeambia Didier. Anasema ni kuchoka tu.»

Mama mujane akasoma polepole.

«Papa Gloire, huyu Didier ni nani?»

«Alisha kuhama, mama. Iko mbali, Mitwaba.»

Akanishukuru, akakunja karatasi, akaitia mu Biblia yake.

Kwetu ku kartye Kasungami bote bananiita kwa jina ya mutoto wangu. Ni ku biro tu ndiyo bananiita Didier.