Shija Hajambo?

Mama yangu, shikamoo.

Nimekaa ufukweni Pasiansi, natazama ziwa mpaka macho yanachoka. Mawe makubwa kuliko nyumba yetu yamepandana majini, wala hayaanguki! Siku hizi minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya; mifupa inayobaki wanaiita mapanki, na leo mama mmoja wa Kisukuma ametukaangia. Tamu, mama, acha tu.

Alisikia wenyeji wangu wakiniita Mama Kulwa, akaniuliza, "Shija hajambo?"

Nikamwambia Kulwa na Doto tuliwazika, na huyo Shija simjui.

Akaepua karai, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Kwetu anayezaliwa baada ya mapacha ndiye Shija. Jina lake lipo tayari, hata kama mwenyewe hajafika."

Nililia, mama, lakini si kile kilio ulichokizoea.

Mungu akuponye goti. Na zile nguo za mapacha nilizokukataza kuzigusa, mpe jirani mwenye kichanga. Shali ya njano tu uniwekee.

Hiyo ni ya Shija.

Mwanao,
Neema