Fougère ya Madame Odile

Siku ya kwanza (jumatatu), 10 janvier 2011
Kazi ku Jette, huku Ulaya, bus, nyumbani. Kisha mayi ya fougère, mumea ya majani marefu mu chungu. Ni ya Madame Odile, jirani wa chini. Alivunjika kiuno, iko hospitali mpaka mars. Bwana yake marehemu njo aliipanda, imepita miaka trente, makumi tatu. Nimeileta kwangu, nimeiweka pahali pazuri: dirisha ya salon, pembeni ya radiateur, ile chuma ya kuleta joto mu nyumba. Jua na joto, kama kwetu Uvira.

Siku ya posho (jumamosi), 15 janvier
Bidudu. Chini ya majani, madoa ya brune, rangi ya udongo, imejipanga kama vifungo. Nilisugua yote na sabuni, jani kwa jani. Nimechoka lakini niko na furaha.

Siku ya kwanza, 24 janvier
Inakauka. Majani inaanguka ku tapis. Naongeza mayi, bure. Madame alipiga telefone. Nikasema iko muzuri sana. Uongo. Kazi yangu ni kutunza wazee, na ninaua mumea ya mujane. Nasikia haya.

Siku ya posho, 5 février
Mamans wa prière, wenye tunasalia nao, walikuja. Nilificha fougère, ile aibu yangu, mu salle de bain, chumba ya kuoga, nyuma ya nguo zenye mayi. Maman Espérance wa Walikale akaenda kunawa, akarudi anacheka.
"Ile ni ya pori yetu. Inapendaka kivuli na baridi. Weye unaichoma na radiateur?"
Nikamwambia juu ya bidudu. Akashika kichwa. Akasema haitoake maua wala mbegu, ile madoa njo vumbi inazalaka nayo. Donc nilisafisha watoto wake wote na sabuni. Akakata majani yenye kukufa. Akasema ibaki mule mu salle de bain.

Siku ya Mungu, 20 février
Dirisha ndogo, bila jua. Tukioga, mvuke inajaa. Leo nilikuta vitu vitatu vya kijani, vimejikunja kama konokono. Nikapiga kelele. Bwana yangu alifikiri nimeteleza.

Siku ya posho, 12 mars
Majani mapya dix-sept, kumi na saba. Inajikunjua moja moja, inafika ku lavabo, pahali pa kunawa. Mamans walipanga mustari kuiona. Nimeshinda. Hata Maman Espérance alikubali.

Siku ya kwanza, 21 mars
Madame Odile alirudi, na fimbo. Nilimwambia yote: radiateur, sabuni, uongo. Alikaa ku bord ya bain, pembeni ya beseni ya kuoga, akashika jani. Kisha akasema kwake hewa imekauka sana, ibaki hapa, yeye atakuja kuiona kila siku ya posho. Nikamupikia chai.
Jioni nilioga polepole, nikisogeza majani na mukono.